Mbwa amechanjwa kichaa, mbona anakohoa?

MPANDA. Mbwa anapoanza kukohoa, familia nyingi hudhani mfupa umemkwama kooni. Ananyoosha shingo, anakohoa kikohozi kikavu mara tatu au nne, anatema povu kidogo kama anayetaka kutapika, kisha anatulia. Mtu anamfungua mdomo kutafuta mfupa, haoni kitu. Baada ya siku chache mbwa wa jirani naye ameanza, na watoto nyumbani wanauliza kama mbwa wao atapona.

Katika mitaa ya Manispaa ya Mpanda kama Makanyagio, Kashaulili, Nsemulwa na Kawajense, mbwa wengi hawafungiwi ndani ya ukuta. Mchana wanazunguka, wanakutana jalalani na karibu na mabucha, na usiku wanarudi kulinda nyumba. Vijijini mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Mbwa anafuatana na ng'ombe malishoni, au analinda mahindi yasiliwe na nyani na nguruwe pori. Ugonjwa unaosafiri kwa pumzi hupata njia rahisi katika maisha ya namna hiyo.

Hapo mzazi husema kwa kujiamini, "Lakini huyu alichanjwa." Na ni kweli alichanjwa. Alipelekwa siku ya kampeni, pengine na watoto wenyewe wakimvuta kwa kamba, akadungwa sindano na kadi ikaandikwa. Tatizo ni kwamba chanjo ile ilikuwa ya kichaa cha mbwa. Inamkinga mbwa na kichaa, na kupitia yeye inaikinga familia nzima. Magonjwa ya njia ya hewa haiyazuii.

Kutojua tofauti hiyo kunaweza kumgharimu mbwa uhai wake, na hasa watoto wake.

Mafua ya aina mbili

Watu wengi husema tu kwamba mbwa ana mafua. Ndani ya neno hilo kuna magonjwa zaidi ya moja, na mawili kati yake ni muhimu mzazi ayafahamu.

La kwanza ni kikohozi cha mbwa cha kuambukiza. Husababishwa na bakteria waitwao bodetela pamoja na virusi vya aina kadhaa, mara nyingi vikishirikiana. Dalili huonekana kati ya siku 2 na 14 tangu mbwa alipoambukizwa. Kikohozi huwa kikavu na cha nguvu, lakini mbwa bado anakula, anatikisa mkia na anataka kucheza. Wengi hupona ndani ya wiki moja hadi tatu. Hatari ipo kwa watoto wa mbwa, mbwa wazee na waliodhoofu kwa njaa au minyoo, kwa sababu hao wanaweza kupata nimonia.

La pili ndilo linaloua zaidi, nalo madaktari wa mifugo huliita distempa. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua. Mzazi aliyewahi kuona surua ikiingia mtaani anaweza kuelewa haraka jinsi distempa inavyokwenda, kwa kuwa nayo hupita hewani na kuwakuta wasio na kinga mmoja baada ya mwingine.

Distempa huanza kama mafua ya kawaida. Mbwa ana homa, macho yana tongotongo nzito, pua inatoa makamasi, anakohoa na anakataa chakula. Baadaye anaweza kutapika na kuharisha. Kwa baadhi yao ngozi ya pua na ya nyayo hukakamaa. Halafu huja sehemu inayowashangaza wengi. Wiki kadhaa baadaye, pengine wakati familia inaamini mbwa amepona, ugonjwa hujitokeza kwenye ubongo. Misuli inarukaruka, mbwa anayumba, anatafuna bila kuwa na kitu mdomoni, na mwisho anaanguka kwa degedege.

Hakuna dawa ya kuua kirusi hicho ndani ya mwili wa mbwa. Daktari wa mifugo humsaidia kwa kumwongezea maji, kumlisha, kutuliza degedege na kumpa dawa za kuzuia bakteria wanaovamia mapafu yaliyodhoofu. Wapo wanaopona, na baadhi yao hubaki na mtikisiko wa misuli maisha yao yote. Wengi hufa, hasa walio wadogo.

Kwa upande wa watoto wa binadamu, habari ni njema. Distempa haiwaugui watu. Bakteria wa kikohozi cha mbwa kwa nadra sana huweza kumpata mtu mwenye kinga dhaifu, hivyo mgonjwa wa namna hiyo nyumbani asiwe ndiye anayemhudumia mbwa anayekohoa.

Unavyohama kutoka mbwa hadi mbwa

Mbwa mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, matone madogo hubaki hewani na kumfikia mbwa aliye karibu. Njia nyingine ni kunusana pua, kulambana, na kula au kunywa katika chombo kimoja. Mikono na nguo za watu nazo hubeba. Mtoto aliyembeba mbwa mdogo wa jirani, akafutwa makamasi shatini, anaweza kurudi nyumbani na ugonjwa bila yeye mwenyewe kuumwa chochote.

Hata hivyo kirusi cha distempa ni dhaifu kikiwa nje ya mwili. Jua kali, joto, ukavu na sabuni ya kawaida hukiua. Hapo kinatofautiana na kirusi cha parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, ambacho kinaweza kubaki kwenye udongo kwa miezi mingi. Kwa hiyo mwenye distempa au kikohozi nyumbani ashughulike kwanza na mbwa mwenyewe, vyombo vyake na mikono inayomgusa. Akidhibiti hivyo vitatu, ameziba sehemu kubwa ya njia.

Hatari hupanda mbwa wengi wanapokaa pamoja mahali penye hewa nzito na unyevu. Wakati wa masika mbwa wa nyumba mbili tatu wanaweza kulala wamebanana chini ya baraza moja au jikoni karibu na mafiga. Mmoja akiwa na kikohozi, asubuhi wote wamevuta hewa yake.

Uliza ni chanjo ya nini

Kinga ya kweli dhidi ya distempa ni chanjo. Kwa kawaida hutolewa katika sindano moja yenye mchanganyiko wa kinga za magonjwa kadhaa, yakiwemo distempa, parvo na baadhi ya virusi vinavyoleta kikohozi. Hii ni sindano tofauti na ile ya kichaa. Mbwa anahitaji zote mbili.

Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Baada ya hapo hupewa nyingine ndani ya mwaka mmoja, na daktari humpangia za mbele. Ya kichaa hutolewa anapofikisha miezi 3.

Wazazi wengine huona kurudia rudia huko kama njia ya kuwakamua fedha. Sababu yake ni nyingine. Mtoto wa mbwa aliyenyonya dang'a hupata kinga kutoka kwa mama yake. Kinga hiyo humlinda wiki za mwanzo, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi. Inapungua taratibu, na hakuna anayejua kwa kumtazama ni siku gani imeisha. Kwa hiyo hudungwa zaidi ya mara moja ili angalau sindano moja imkute wakati kinga ya mama imeondoka na ugonjwa haujafika. Kina mama wanaopeleka watoto kliniki wanaujua mpango wa aina hii. Chanjo ya surua na rubela kwa mtoto nchini Tanzania hutolewa akiwa na miezi 9, si siku ya kuzaliwa, na hurudiwa akiwa na miezi 18.

Anayeishia sindano ya kwanza kwa kudhani amemaliza huacha pengo, na mara nyingi ugonjwa hupita hapo hapo.

Jambo la pili ni ubaridi. Chanjo hii inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikishachanganywa itumike papo hapo. Chupa iliyonunuliwa mjini, ikatiwa mfukoni na kusafirishwa kwa basi hadi Mishamo au Karema katika joto la Oktoba, inaweza kufika ikiwa maji tu. Mbwa atachanjwa, kadi itaandikwa, na kinga haitakuwepo.

Kwa wanaoishi mbali na mji, njia nzuri ni majirani kujikusanya. Wenye watoto wa mbwa wa umri unaokaribiana wapange siku moja, wawasiliane na ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo, naye aje na kibebeo chenye barafu. Gharama ya safari inagawanywa, chanjo inafika ikiwa hai, na mbwa wote wa mtaa huo wanapata kinga kwa wakati mmoja. Kabla ya sindano, mzazi aulize maswali matatu: ni chanjo ya nini, imetunzwaje, na ya kurudia ni lini. Majibu yaandikwe kwenye kadi au daftari.

Mgeni akae pembeni wiki tatu

Katika familia nyingi mbwa mpya huja kama zawadi. Shemeji ametoka Majimoto na mtoto wa mbwa kwenye kikapu, au baba amempata mnadani. Watoto wanafurahi, na ndani ya dakika tano mgeni amewekwa katikati ya mbwa wa nyumbani ili wazoeane.

Mbwa aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kabisa kwa wiki moja au mbili, huku akiwa tayari ameubeba ugonjwa. Kwa hiyo mgeni akae peke yake kwa wiki tatu. Si lazima pawe na banda la gharama. Kona ya uwanja yenye kivuli, mbali na wengine, kamba ndefu isiyomnyonga, maji yake na sahani yake vinatosha. Watoto wanaweza kumtembelea, mradi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kuwagusa mbwa wengine.

Ni busara pia kutogawa watoto wa mbwa wakiwa bado wachanga. Wakae na mama yao hadi wiki 8, na wakiweza waondoke wakiwa wamepata sindano ya kwanza. Anayegawa mbwa anayekohoa hupeleka ugonjwa kwenye nyumba ya ndugu yake.

Mbwa akishaugua

Hatua ya kwanza ni kumzuia asitoke. Mbwa anayekohoa asiende malishoni, asiende mnadani, na asifuatane na watoto wanaokwenda kuchota maji. Atengwe na wenzake mahali pakavu penye hewa na kivuli, si stoo iliyofungwa.

Achaguliwe mtu mzima mmoja wa kumhudumia. Mtu huyo awalishe mbwa wazima kwanza na mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono kwa sabuni na kubadilisha nguo aliyovaa. Sahani za mgonjwa zioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Sakafu ikishasafishwa uchafu, inaweza kupigwa deki kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji. Kama mbwa amefungwa kola, ilegezwe au iondolewe, kwa kuwa kubanwa shingo huchochea kikohozi.

Asipewe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Antibiotiki iliyobaki kwenye droo baada ya mtoto kupona nayo isiguswe, maana kipimo si chake na pengine ugonjwa si wake. Apewe maji safi kila mara na chakula laini, kama uji mwepesi wenye mchuzi usio na chumvi.

Daktari wa mifugo aitwe mapema mbwa akikataa kula, akipumua kwa shida, akitoa makamasi mazito, au akiwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kwa kikohozi cha kawaida, aendelee kutengwa wiki mbili baada ya kuacha kukohoa. Kwa distempa ni muda mrefu zaidi, kwa sababu baadhi ya mbwa huendelea kutoa kirusi kwa miezi kadhaa. Daktari ndiye aseme lini afunguliwe.

Jirani aambiwe siku hiyo hiyo. Wapo wanaoona aibu, kana kwamba mbwa kuugua ni dalili ya uchafu wa nyumba. Taarifa ya mapema humpa jirani nafasi ya kuwafunga mbwa wake na kuwachanja walio wazima.

Akianguka degedege, chukulia ni kichaa

Mbwa mwenye distempa iliyofika kwenye ubongo na mbwa mwenye kichaa wanaweza kufanana sana. Wote wanaweza kutokwa na mate, kuyumba, kupoteza utulivu na kung'ata. Hakuna mtu anayeweza kuwatofautisha kwa macho akiwa nyumbani, na hapa kosa moja linaweza kumuua mtoto.

Kwa hiyo mbwa mwenye dalili hizo asiguswe. Watoto waingizwe ndani, na ofisa mifugo aitwe. Mbwa anayekohoa naye asitiwe mkono mdomoni kutafuta mfupa, kwa kuwa mbwa mwenye kichaa pia anaweza kuonekana kama aliyekwamwa kooni.

Mtu aking'atwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya mara moja kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana chanjo ya kichaa haiachwi kwa sababu ya kupata ile ya mchanganyiko. Kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni nafasi nzuri ya kukumbushana.

Kilichotokea Serengeti

Kwa wakazi wa Katavi kuna sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, umeizunguka Hifadhi ya Taifa Katavi yenye ukubwa wa kilometa za mraba 4,471. Sitalike, kijiji kilicho kwenye barabara ya kusini kutoka Mpanda, kiko mlangoni kabisa mwa hifadhi. Mbwa wa kijiji, fisi na simba wanaishi jirani.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, simba wa Serengeti walianza kuonekana wakianguka kwa degedege. Wataalamu walipochunguza walikuta ni distempa, ugonjwa uliokuwa ukijulikana zaidi kwa mbwa. Takribani simba 1,000 walikufa, theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Fisi, chui na bweha masikio nao waliathirika, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, ambao wengi hawakuwa na kinga. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa ukame na vimelea vya damu vinavyoenezwa na kupe viliongeza idadi ya vifo.

Desemba 2000 ikaja zamu ya Mkomazi. Mbwa mwitu waliokuwa wakifugwa huko ili wazaliane walipatwa na distempa, na ndani ya miezi miwili 49 kati ya 52 walikufa. Mbwa mwitu ni mnyama aliyebaki kwa uchache sana Afrika nzima, na mfumo wa ikolojia wa Katavi ni moja ya sehemu anakopatikana.

Baada ya mkasa wa 1994, mbwa wa vijiji vinavyopakana na Serengeti walianza kuchanjwa. Maambukizi kwa mbwa yalipungua. Utafiti ulionyesha pia kwamba kirusi kiliendelea kuzunguka kwa wanyamapori, kwa hiyo chanjo ya mbwa peke yake haikumaliza tatizo la simba. Lakini mbwa waliochanjwa walikingwa, na familia zilizowategemea kulinda mifugo hazikuwapoteza.

Kazi ya watoto nyumbani

Watoto ndio wanaowagusa mbwa kuliko mtu mwingine yeyote, na mara nyingi ndio wa kwanza kuona kwamba leo hakula. Badala ya kuwafukuza tu, mzazi anaweza kuwapa kazi. Mmoja atunze kadi ya mbwa na kukumbusha tarehe ya sindano inayofuata. Mwingine ahakikishe maji ni safi kila asubuhi. Wote wajue masharti matatu: kunawa mikono baada ya kumshika mbwa, kutobeba mbwa wa nyumba moja kwenda nyumba nyingine, na kumwambia mtu mzima mara wanaposikia kikohozi.

Na jioni ya leo, kadi ya mbwa itafutwe na isomwe. Kama imeandikwa kichaa peke yake, basi kazi moja imefanyika na moja imebaki.